Nani Aliandika Sawa?

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Hata mizani ya soko la Muthetheni naijaribu kwanza kwa jiwe langu ninalolijua uzito. Lakini Januari hii nilikwenda zahanati kwa ajili ya vipimo vya kila mwaka nikiwa na haja moja tu: ndani ya titi langu la kushoto kulikuwa na uvimbe mgumu kama punje ya mbaazi, na nilitaka mtu auguse aniambie ni nini. Niliogopa, sitaficha.

Muuguzi mpya, Linet, alinipokea vizuri. Ni binti wa Busia, mwanamke wa kwanza kuletwa pale kwa miaka mingi, na ndiye aliyenipa moyo wa kwenda. Alinipima presha, akanidunga kidole kupima sukari, akanisomesha herufi za ukutani. Akauliza habari ya mlango wa kizazi, nikamwambia nilipimwa Machakos mjini mwaka juzi, nikaambiwa ni salama. Kisha akafunga daftari langu.

"Umemaliza, mama."

"Na matiti je?"

Akalifungua tena. "Hapa imeandikwa umepimwa. Leo. Sawa."

Leo! Na blauzi yangu ilikuwa na vifungo vyote. Nilimnyang'anya daftari. Mwaka huu: matiti, sawa. Mwaka jana: sawa. Mwaka juzi: sawa. Nani huyo aliyenigusa? Kwanza nilidhani wamenichanganya na Nduku mwingine. Halafu nikadhani wanapeleka hesabu za uongo huko juu waonekane wanafanya kazi, maana hao nawajua. Mwisho nikautazama mwandiko wenyewe, ile "s" yenye mkia, na moyo ukanilipuka. Mwandiko huo ndio ulioandika barua ya kumposa binti yangu Mukai.

Muthoka, mkwe wangu, ndiye daktari wa zahanati hiyo. Na sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima yenye aibu ndani yake: mama mkwe na mkwe hawashikani mikono wala hawatazamani usoni. Akiniona njiani, anaingia kichakani nipite. Miaka yote nimefungwa kile kitambaa cha presha na mtu wa usafi, Muthoka akiwa nyuma ya pazia akisubiri kuambiwa namba. Ukurasa wangu yeye huanza kuujaza kabla sijafika, ili tusikutane. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimezaa sita, na bado naficha.

"Mwite," nilimwambia Linet.

Alikuja, akasimama nje ya pazia. Niliona viatu vyake tu.

"Muulize ni nani aliandika sawa."

"Mwambie mama ni mimi," sauti ikajibu kwa unyonge. "Mwambie singeweza kumshika. Na nikiacha wazi, wakubwa wataniuliza. Niliona hiyo ndiyo heshima."

Heshima! Hasira ilinipanda. Linet hakungoja tumalize kesi yetu. Alinilaza, akanifungua vifungo, akaanza kunipapasa polepole. Vidole vyake vikasimama. Akarudia pale pale, kisha akanifunika kwa leso yangu.

"Daktari, kuna kitu hapa," alisema. "Ni kigumu, na hakisogei."

Vile viatu vikarudi nyuma. Nilidhani ameondoka, nikasema moyoni, si nilijua. Mara pazia likafunguliwa na Muthoka akaingia. Aliniangalia usoni, mara ya kwanza tangu amuoe Mukai, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Mama, hii kitu iko hapo tangu lini?"

"Tangu tukivuna ndengu. Juni."

"Miezi saba! Na mbona hukukuja?"

"Ningekuja kwa nani, Muthoka?"