Chuma Katika Mchicha wa Baba

Kwenye maabara ile ya vyakula kulikuwa na sheria moja iliyobandikwa mlangoni: sampuli haina jina, ina namba. Ilitungwa ili mpimaji asijue anampima nani, asimpendelee mtu wala asimkomoe. Sheria nzuri kabisa. Ilidumu mpaka Jumatatu ile, jiko la hospitali lilipoleta mifuko miwili ya mchicha, Namba Moja na Namba Mbili, na Mpimaji akaona kwamba mafungu ya Namba Moja yamefungwa kwa vipande vya shati la kijani alilomnunulia baba yake mwaka juzi.

Kumbe ndiyo maana hakuwahi kumwona amelivaa.

Akafungua mfuko wa Namba Mbili. Kila shina lilikuwa bado na mizizi yake, myeupe na misafi, imeng'ang'ania kipande cha sponji. Katika mji mzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeotesha mchicha kwenye sponji, chumbani, chini ya taa, naye alikuwa mdogo wake wa kiume. Majirani walimwita Balbu kwa kumdhihaki, na yeye akaitika bila kinyongo.

Mpimaji hakuwa mtu wa kuficha mambo. Akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa maabara.

"Mkuu, hizi sampuli mbili nazijua. Moja ya baba, nyingine ya mdogo wangu."

Mkuu alikuwa anakula karanga. "Mwenzako yuko likizo ya uzazi. Mashine unaijua wewe peke yako. Sasa niambie, mashine inamjua baba yako?"

"Haimjui."

"Basi pima."

Ugomvi wenyewe haukuanzia maabara. Ulianzia mezani kwa Baba, kila Jumapili, tangu siku Balbu alipoziba dirisha la chumba chake na kupanga rafu za mchicha badala ya kitanda. Baba alisema jani lisiloona jua ni jani la kuchora. Balbu akajibu kwamba jani halina macho, linataka mwanga na chakula, basi. Baba akasema nguvu ya mboga iko kwenye udongo, na aliamini hivyo kiasi kwamba kwake mchicha ulisuuzwa mara moja tu, haraka haraka, nguvu isije ikamwagika na maji. Ndivyo alivyomwagiza pia marehemu mkewe aule. Mama alikuwa na upungufu wa damu, na miaka mitatu ya mwisho Baba alimletea mchicha kutoka bustanini kila siku. Madaktari walikuwa wamempa mwaka mmoja. Hiyo miwili ya ziada Baba aliihesabu kuwa imetoka kwenye matuta yake, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Kwa miaka kumi na moja Baba alikuwa akipeleka mafungu arobaini kwenye jiko la hospitali, kwa baiskeli, kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Mchicha ulikwenda wodi ya wajawazito. Wapishi walimpa chai na kumwuliza goti linaendeleaje. Tangu Mama afariki hakuwa na safari nyingine yoyote. Kanisani, sokoni, kwa ndugu, kote huko alikwisha kuacha, kila mahali kwa sababu yake. Mpimaji hakujidanganya: jiko likimwacha, Baba atakaa kwenye kile kiti cha barazani, na kukaa kwenyewe kutakuwa kukaa kweli.

Balbu naye hakuwa na roho mbaya. Aliliandikia jiko barua ya kuomba kuuza mchicha wake, kama mfanyabiashara yeyote. Alisahau tu kumwambia mtu nyumbani.

Basi Mpimaji akapima. Akakausha, akasaga, akachoma kwenye tanuri mpaka majani yakawa jivu ndani ya vikombe vya kauri. Vitamini C alikuwa ameitafuta mapema, na hapo Balbu alitangulia kidogo, kwa kuwa mchicha wake ulifika na mizizi yake na ulikuwa bado haujajua kwamba umevunwa. Kalsiamu ilikuwa nguvu sawa, na zinki pia. Kisha ikaja zamu ya madini ya chuma, ambayo ndiyo hospitali ilikuwa ikiyataka hasa. Namba Moja ilikuwa na chuma mara nne ya Namba Mbili.

Alifurahi. Alifurahi mpaka akajishtukia, maana katika miaka tisa ya kazi hakuwahi kufurahia tarakimu. Akarudi kuvitazama vikombe vya jivu. Cha Balbu kilikuwa na jivu jeupe. Cha Baba kilikuwa na jivu jekundu, na chini yake palikuwa na mchanga uliokwaruza alipopitisha kijiko. Chuma hakikuwa cha majani. Mzee alikuwa ameileta bustani yenyewe.

Fomu ya hospitali ilisema, kwa maandishi mazito: sampuli ipimwe kama ilivyoletwa. Angeweza kutia sahihi hapo hapo na kwenda kula, na asingekuwepo wa kumnyooshea kidole. Akaiweka kalamu chini. Akawafikiria wale wanawake wa wodini, na wapishi wanaoosha kila kitu kabla hakijaingia sufuriani. Akachukua majani yaliyobaki ya mifuko yote miwili, akayaosha maji matatu, akaanza upya.

Zikatoka sawa. Tofauti ilikuwa ndogo mno, huenda ni mashine tu iliyopiga kwikwi. Aliandika majibu yote mawili, kabla ya kuosha na baada ya kuosha, akaeleza sababu, akatuma.

Kesho yake, kabla ya saa sita, mkuu wa jiko alipiga simu. "Kwa hiyo ukioshwa uko sawa?"

"Uko sawa."

"Basi nachukua Namba Mbili. Wapishi wangu wamechoka kuokota mchanga." Akakata simu.

Mpimaji akavua koti lake jeupe na kwenda nyumbani kwa Baba. Alimkuta bustanini amepiga goti moja, anamalizia kufunga mafungu ya kesho.

"Baba, jiko limechukua wa Balbu."

Baba hakuinuka. "Wa kwake umezidi nini?"

"Haujazidi kitu. Mko sawa. Bila kuosha, wako una chuma mara nne."

"Si ndiyo nimekuwa nikisema."

"Ni udongo, Baba. Chuma cha udongo hakikai mwilini. Karibu chote kinapita tu."

Mzee akafuta kisu chake kwenye suruali, upande mmoja, kisha wa pili. "Aliyepima ni nani?"

"Mimi."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

"Na mama yako?" Baba akauliza. "Alikuwa anakula udongo unaopita tu?"

Hapo Mpimaji alitamani kudanganya, na hakujua jinsi ya kuanza. "Mama alikuwa anauosha. Maji matatu. Wewe ukishatoka."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa nasahau pampu ya baiskeli. Narudi, nasikia bomba."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Alikuwa anakula."

Mpimaji akatazama matuta. Machozi yalimlenga, naye akangoja yapite. Hayakupita yote.

"Kesho asubuhi niende wapi?" Baba akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelekezwa njia.

"Sijui, Baba."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, akainuka taratibu kwa kujishikilia begani kwa binti yake. Kisha akaanza kumpakia mafungu mikononi, moja baada ya jingine, mpaka yakamfika kidevuni.

"Yote?" Mpimaji akauliza.

"Yote," Baba akasema. "Na uyaoshe vizuri."