Kibandiko cha Chupa

Mustakim alimwaga mfuko wa tatu wa chokaa kwenye tangi la maji machafu ya kiwanda cha ngozi, akakoroga, akachovya karatasi ya kupimia. Rangi yake haikubadilika. Siku nyingine, kwa mifuko miwili tu, kromiamu, ile sumu ya kulainishia ngozi, ingekuwa imekwisha kuganda kama maziwa yaliyokatika na kuzama chini, maji yakabaki maangavu juu. Leo tangi zima lilikuwa kijani kama mchuzi wa mchicha.

Sababu aliijua. Chokaa ile ililala nje msimu mzima wa mvua, ikanyeshewa, ikafa nguvu. Alimwendea msimamizi, Bwana Tiwari, akamwambia iletwe chokaa mpya, na mapipa ya kulainishia ngozi yasimame mpaka ifike. Tiwari akasema mapipa hayasimami, wateja wa Ulaya wanangoja ngozi yao, na saa tano anakuja mkaguzi. Afungue tu bomba la kisima, maji safi yaingie mferejini, yaizimue ile rangi.

"Sumu haipungui kwa kuongezwa maji, bwana. Itakwenda yote kule mashambani."

"Mustakim bhai, umeajiriwa kukoroga au kuhubiri?"

Kule mashambani, chini ya mji wa Kanpur, ndiko alikoolewa binti yake, Shagufta. Pampu ya kijiji chao hutoa maji ya manjano, na mikono ya binti imepasuka vidonda visivyopona. Mustakim hakuligusa bomba. Tiwari alilifungua mwenyewe.

Mkaguzi, Bwana Katiyar, alikinga chupa mferejini, akaiinua juani, akayasifu maji. Kisha akampa Mustakim kalamu. Kanuni inataka mtu wa tangini atie sahihi kwenye kibandiko cha chupa, kuwa shahidi. Mustakim alisoma hadi darasa la nane, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Aliandika taratibu: Haya ni maji ya kisima. Akatia sahihi.

Katiyar alisoma. Hakukasirika. Alikibandua kibandiko, akakikunja, akakitia mfukoni.

"Mzee huyu ana miaka mingapi hapa?"

"Kumi na tisa," Tiwari alijibu. "Imetosha."

Mustakim alinawa, akavaa kandambili zake, akakusanya vyombo vyake vya chakula. Alipofika langoni alimkuta bawabu, mzee Ramdhani, akijipangusa wino kwenye dole gumba.

"Bhai, wewe msomi," Ramdhani alisema. "Kile kikaratasi cha chupa nilichotia dole kimeandikwa nini?"

"Kwamba umeshuhudia maji yakitekwa."

"Maji gani? Mimi sijabanduka hapa langoni tangu alfajiri."