Sikio Chini ya Kofia

Makandi alipomgeuzia kompyuta, Ruguru aliivuta kofia ya mtoto ikashuka hadi shingoni. Kibugu kulikuwa na joto asubuhi hiyo, na kina mama wengine kwenye benchi la zahanati walikuwa wameshavua sweta. Yeye hakuvua kitu, wala hakumvua mtoto.

"Hizi duara ni nini?" aliuliza.

Makandi alikuwa mtafiti kutoka Meru, amekuja kwa habari za watoto wanaozaliwa na kasoro. Kwenye kioo cha kompyuta yake vilijaa viduara vilivyounganishwa kwa mistari, mingine myembamba, mingine minene kama kamba ya ng'ombe. Ruguru aliviangalia kwa jicho la mtu anayeuziwa mbuzi gizani. Aliona wazi kwamba viduara ni nyumba za watu, na mistari ni ya kufuata balaa ilikotoka. Tangu Nyamu azaliwe na mdomo uliopasuka, mama mkwe, Lydiah, alikuwa akisema jambo hilo halikuwahi kuonekana katika ukoo wao. Alidai lilipanda mlima kutoka Mbeere, kwao Ruguru. Na hapo Lydiah alikuwa ameona mdomo tu. Sikio la kushoto, dogo, lililojikunja, lilijulikana na Ruguru na mumewe Gitari peke yao. Kasoro moja ni bahati mbaya, Gitari alisema. Mbili, watu wataita laana.

"Unataka kujua kwetu ni wapi," Ruguru alisema.

"Lakini sijauliza, mama Nyamu."

"Utauliza."

Makandi alicheka kidogo, kisha akaona anacheka peke yake. "Hizi si familia. Hii ni mdomo. Hii ni sikio, hii ni moyo. Tumeangalia watoto wengi tuone ni shida gani hukuja pamoja kwa mtoto mmoja. Laini ikiwa nene, hukuja pamoja sana."

"Na Nyamu anaingia wapi?"

"Si ako na operesheni wiki ijayo? Mdomo ikiwa na mwenzake, hata kitu kidogo, daktari lazima aangalie moyo vizuri kabla ya kumpa dawa ya kulala. Kuna kitu ingine umeona?"

"Hakuna."

Upole ule ulimtia shaka zaidi. Mtu mpole hivyo ana lake jambo. Leo angesema neno hapa, na neno lingefika kwa Lydiah kabla majani ya chai ya jioni hayajapimwa kituoni.

Hata hivyo macho yalirudi kwenye mstari mnene kati ya sikio na moyo. Nyamu huchoka anaponyonya. Hutoka jasho, huacha titi akihema, na siku zote Ruguru ameulaumu mdomo. Akaogopa sasa, na si watu aliowaogopa.

"Daktari yuko?"

"Ako ndani."

"Twende ndani. Si hapa."

Alifunga mlango mwenyewe, akafungua kamba za kofia. Alingoja swali la ukoo. Daktari aliliangalia sikio, akaweka kipimo kifuani, kushoto, kulia, kisha akakirudisha palepale kilipoanzia. Ruguru aliuchunguza uso wake kama ataukuta uongo.

"Ni nini?"

"Ngoja kidogo, mama."

Daktari akafumba macho, akasikiliza. Nje, kwenye benchi, mtu aliangua kicheko, na Ruguru akatamani dunia nzima inyamaze ili daktari asikie.