Kitambaa Gani?

Wanasema kuuliza si ujinga. Inategemea unauliza nini. Mimi niliandika maswali arobaini na mawili, na fundi cherehani akayajibu yote kwa neno moja. Wateja tuwahifadhi kwa majina? Sawa. Tuwatafute kwa namba ya simu? Sawa. Basi mimi na mwenzangu wa mji mwingine, tunayemwita Kobe kwa sababu ya mtandao wake, tukamtengenezea programu. Akaikataa. Tukatengeneza nyingine, akaikataa pia, na bosi akaniambia wazi kuwa ya tatu ikikataliwa nitafute kazi kwingine.

Asubuhi ile nilikaa mbele ya kompyuta na shati langu la mistari, lile la mikutano yote ya video, na chini kaptula ya kulalia. Niliogopa, sifichi.

"Fundi, hasa unataka nini?" niliuliza.

"Nataka inayofanya kazi, mwanangu. Ngoja kidogo, nina mteja."

Akaiegemeza simu kwenye boksi la nyuzi, akaondoka. Kobe akaanza kulalamika kwamba mama huyu hajui anachotaka. Nikamwambia anyamaze atazame.

Mteja alikuja kuchukua gauni. Nikangoja aulizwe jina. Fundi akauliza, "Kitambaa gani?"

"Kile cha kijani, chenye maua."

Akafungua daftari nene. Kila ukurasa ulikuwa na vipimo, na juu yake kipande cha kitambaa kimebanwa kwa pini. Jina, hakuna. Alipekua mara tatu tu, gauni likatoka.

"Umeona?" nilimuuliza Kobe.

"Nimeona. Miezi miwili tunamuuliza anataka nini. Anafanyaje kazi, hatujamuuliza hata siku moja."

Wiki iliyofuata tulimpelekea ya tatu: unapiga picha kitambaa, unaandika vipimo, umemaliza. Fundi akagusa kile cha kijani, vipimo vikaja. Akavipitia kimoja kimoja kwa kidole, nami roho mkononi. Kisha akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"Hili sasa ndilo daftari langu. Naichukua."

Nikamwomba amwandikie bosi, na anitaje kwa jina. Akasita, akairudisha miwani, akaitazama simu yake.

"Jina ndilo silijui, mwanangu. Humu nimekuandika Shati la Mistari."

Ujumbe ulimfikia bosi hivyohivyo, na kazi ninayo mpaka leo.