Selep Hakusimama Taipei

Gari lilikuwa limeshauacha mto na kushika barabara kuu, na Selep alikuwa nyuma amelala chali, kafungwa kamba na kufunikwa turubai. Huyu alikuwa Selep wa sanamu, wa mti wa kafuri. Selep wa damu walikwishamzika zamani. Mumewe, Camak, alikaa mbele akitafuna popoo na kutema mate mekundu kwenye kikombe cha karatasi.

"Mzee Camak, gari la kukodi hili. Ukinimwagia hayo mate nitatozwa mimi."

"Mate gani, binti wa chifu? Hii ni damu ya mababu. Si ndiyo wanayoitaka huko?"

Eleng, aliyeshika usukani, akacheka kwa adabu. Wote wawili walikuwa wanalishwa na ufadhili mmoja. Matajiri fulani wa Taipei, ambao hawajawahi kulala kijijini hata kwa bahati mbaya, kila mwaka walichagua wasanii na wasimamizi wa maonyesho kutoka jamii walizoziita zilizosahauliwa, wakawaoanisha kama ng'ombe wa jembe. Camak achonge, Eleng aeleze. Kusahauliwa kwenyewe hakukuwa kumemsumbua Camak, mpaka walipokuja kumkumbuka.

Lakini alikubali upesi, na sababu yake hakumwambia mtu. Kijijini kwao sanamu ya mtu aliyesimama ni ya nyumba ya chifu peke yake, sawa na mchoro wa nyoka mwenye madoa. Watu wa ukoo wa Camak, walima mawele na wachimba barabara, wachonge kulungu, wachonge nguruwe, ikizidi sana mtu aliyekaa, basi. Angemsimamisha Selep mlangoni pake, Bibi Ljumeg aliyeshika nyumba ya chifu angetuma watu wamng'oe kabla ya chai. Kwa hiyo alimchonga bandani, nyuma ya mabati, kama alivyokuwa: aproni ya kiwanda cha nguo, kitambaa kichwani, miguu iliyovimba. Taipei hakuna chifu. Huko angesimama.

Kwenye ukumbi wa maonyesho walipokelewa na wafadhili kadhaa na mkurugenzi, Bibi Hsiao, mwenye nguo za kitani zilizokunjamana kwa gharama kubwa, na shingoni shanga ambazo hata Bibi Ljumeg hazivai siku ya kazi.

"Sisi tumekuja kujifunza tu," akasema, kisha akawafundisha mpaka chai ikapoa. Mwishowe akamzunguka Selep. "Kazi nzuri mno, Mwalimu Camak. Ila nyoka yuko wapi?"

"Nyoka gani?"

"Yule wenu, wa madoa. Bila yeye mgeni atajuaje huyu ni mtu wenu? Hivi alivyo anaonekana kama... mfanyakazi."

"Alikuwa mfanyakazi."

"Ndiyo, inagusa sana. Lakini tumweke hata mdogo, hapo kwenye aproni."

"Nyoka si wangu. Ni wa nyumba ya chifu."

Hapo Eleng akasogea mbele, mashavu yamemwiva. "Mimi ni wa nyumba ya chifu. Nakupa, mzee. Mbele ya watu wote hawa, nakupa."

Wakapiga makofi. Bwana mmoja alivua miwani akaifuta.

Camak alimtazama yule msichana. Kwao anayerithi ni mzaliwa wa kwanza, awe mume awe mke. Wengine huondoka na sufuria na jina zuri. Baba yake Eleng, Kui, alikuwa wa tatu. Eleng alikuwa anagawa nyoka kama mtu anayegawa kuku wa jirani.

Kabla hajajibu, fundi wa ukumbi alikwishachora kwa chaki nyoka mnene kama soseji, kutoka nyonga ya Selep hadi kifuani, akachomeka mashine ya kuchongea.

Duniani alikuwepo mtu mmoja tu ambaye neno lake lilipita la Eleng, naye ni Bibi Ljumeg, yule yule ambaye Camak alikuwa akimficha habari za Selep. Mashine ikaanza kunguruma. Camak akapiga simu, akaifungulia sauti.

"Bibi, ni Camak. Huku Taipei wanataka kumtia nyoka wako kwenye kazi yangu. Eleng katoa ruhusa."

"Eleng yupi?"

"Binti wa Kui."

"Mtoto wa yule wa tatu? Huyo hana hata kijiko cha kumgawia mtu nyumbani kwangu! Mwambie arudi shule." Bibi akatafuna kidogo. "Kazi gani hiyo?"

Camak akafumba macho. "Selep. Nimemchonga."

"Amekaa?"

"Amesimama, bibi."

Bibi akapunguza sauti ya televisheni. "Umemsimamisha. Binti wa walima magimbi. Basi sikia: nyoka hapati, na kusimama hasimami. Mlaze sasa hivi. Na nguruwe wa faini utaniletea." Akakata.

Fundi akazima mashine. Bibi Hsiao alikuwa ameshika kifua kwa furaha. "Ajabu! Kuna aliyerekodi?" Kisha, yeye aliyetaka nyoka bila kuuliza mtu, akatangaza kwamba ukumbi wake hauwezi kwenda kinyume na jamii. Selep alazwe.

"Ungenyamaza, mzee," Eleng alisema kule nje, kamasi zikimtoka. "Angesimama."

"Na soseji ya watu kifuani? Kaza kamba hiyo, binti wa chifu."

Nguruwe alipelekwa, yule aliyekonda kuliko wote zizini. Bibi Ljumeg alimla, akafa msimu wa baridi uliofuata, na wanawe bado wanagombana. Bibi Hsiao aliacha jukwaa la Selep likiwa tupu msimu mzima, akaliandikia maelezo marefu, watu wakapanga foleni kuliona; sasa anaongoza mfuko mkubwa zaidi. Eleng alipata ufadhili mwingine, wa kuandika juu ya ruhusa. Yule fundi anachongea hoteli nyoka. Camak alimkata Selep magotini kwa msumeno, akaiunga miguu upya ikiwa imekunjwa, akamkalisha mlangoni pa kibanda anachouzia popoo kando ya barabara. Kiwandani alikuwa anasimama kutwa. Wenye pikipiki humtundikia kofia zao.