Bastola Isiyochungulia

Siku ya ishirini na mbili bila kukanyaga msitu, Reva Mullins alikubali kununuliwa bastola. Hakuipenda wala hakuichukia. Alichotaka yeye ni kutoka tu. Kwa miaka kumi na tisa, kila asubuhi akishaosha vyombo, alikuwa akipanda njia ya nyuma ya nyumba mpaka kwenye mwamba uliopasuka, anakaa pale saa nzima bila kuulizwa kitu na mtu, kisha anashuka na kikapu cha vitunguu mwitu au mikono mitupu. Saa ile moja ndiyo iliyomwezesha kuzivumilia zile ishirini na tatu zilizobaki. Sasa dubu alikuwa amemrarua mbwa wa jirani, tena mchana kweupe, na mumewe Denzil akapitisha hukumu: hakuna kuingia msituni bila silaha mwilini.

Denzil alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo penye tabu, maana mtu mbaya unamkimbia. Tangu mgodi wa makaa umvunje mgongo alikuwa akishinda kwenye kiti chake karibu na mlango, miguu juu, bunduki kumi na nne ukutani juu ya kichwa chake, akimpenda mkewe kwa macho kutwa kucha. Reva akielekea chooni, aliulizwa anakwenda wapi. Akichelewa jikoni, aliulizwa kama kuna kinachoungua. Nyumba ina vyumba vitatu, lakini kuna siku aliiona ndogo kuliko debe la unga.

Kwanza alijaribishwa rivolva, ile bastola kubwa ya mumewe ya kuwindia, ikamteremshia suruali mpaka magotini, wakacheka wote wawili. Denzil akasema inatakiwa ndogo, ya kufichwa chini ya shati. Huko juu hupita watu wanaochimba ginsengi, mizizi ya kuuzia dawa, na hupita wengine wasiochimba chochote. Silaha inayoonekana hukuletea ubishi, isiyoonekana ni yako peke yako. Isitoshe, alisema, isichungulie. Ndivyo wanavyosema watu wa milima ile bastola inapojichora kwenye nguo: inachungulia. Na hakuna aibu kama kukaa kanisani bastola yako ikiwachungulia waumini.

Jumamosi asubuhi wakapanda pikapu wakaenda kwa Burl Casto, ambaye duka lake linauza chambo, leseni za uvuvi, mikate yenye soseji ndani, na bastola chini ya kioo. Burl alisoma na Denzil tangu darasa la kwanza. Alipoambiwa kuna dubu, alisema mambo ya dubu ni kopo la pilipili ya kupuliza, bei nafuu, na mtu hahitaji shabaha. Denzil akamuuliza kama anataka dubu awe na viungo kabla hajamla mke wa mtu.

Denzil alikuwa ameshachagua. Ilikuwa rivolva ya risasi tano, nyepesi kama kitasa cha mlango, yenye kitako cha rangi ya waridi. Akaiweka mfukoni mwa shati la Reva, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa kama fundi cherehani anayetazama pindo.

"Haichungulii," akasema. "Umeona, mama? Hata mimi nisingejua."

"Nyepesi ndiyo inayopiga teke, kaka," Burl akamwambia. "Atapiga risasi moja, mkono umuume wiki nzima, halafu itaishia kwenye droo ya soksi. Nusu ya wanawake wa kata hii wana bastola kwenye droo ya soksi, na waliowachagulia ni waume zao. Mwache ashike mwenyewe."

Reva akashika mwenyewe. Alijaribu moja bapa ambayo hakuwa na nguvu ya kuvuta chuma chake cha juu nyuma, nyingine iliyomjaa kiganjani kama kipande cha sabuni, na ya tatu, rivolva fupi ya chuma cheusi, ya zamani kidogo, nzito kiasi. Ile ikamkaa mkononi. Burl akampa mkoba wa ngozi wa kuvaa kiunoni, nyuma ya nyonga ya kulia, akamwambia ainame kama anayechuma vitunguu. Akainama. Shati halikujichora. Akasimama wima, akajiona kwenye kioo cha friji ya chambo, mwanamke wa miaka hamsini na saba ambaye Jumatatu atakuwa kwenye mwamba wake, na kwa mara ya kwanza katika siku ishirini na mbili akatabasamu kwa moyo wote.

"Hii," akasema.

Denzil akasikitikia kidogo ile ya waridi, kisha akakubali. Burl akatoa fomu ya serikali na kalamu iliyofungwa kwa uzi. "Andika ukweli, dada Reva," akasema, kama anavyomwambia kila mteja. "Uongo hapa ni jela. Nikimaliza nawapigia simu serikalini, wao wanajua kila kitu."

Jina akajaza, na tarehe ya kuzaliwa, na mahali. Ndiye mnunuzi halisi? Ndiyo. Amewahi kuhukumiwa? Hapana. Alikuwa akishuka vizuri kama mtu anayeteremka ngazi za kwao. Halafu akafika kwenye swali lililouliza kama amewahi kuingizwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa amri ya mamlaka, na kalamu ikasimama.

Alipokuwa na miaka ishirini na sita, huko Ohio, akiwa na mume mwingine, Reva alizaa mtoto wa kike aliyeishi siku tisa. Baada ya hapo aliacha kula, kisha akaacha kusema, na siku moja alikutwa akitembea katikati ya reli na gauni la kulalia. Jaji akatia saini. Alikaa ndani siku arobaini na moja, na alipotolewa, hospitali ileile ikampa kazi ya kufulia mwaka mzima. Aliporudi milimani kwao alisimulia habari za mashuka tu. Haukuwa uongo mtupu, ulikuwa ukweli uliokatwa mguu. Na kwa miaka ishirini na tatu ya ndoa, Denzil alimsifu kwa kila mgeni kwamba hakuna atandikaye kitanda kama mke wake, amesomea hospitalini.

Akalisoma swali tena, akitafuta mlango kwenye maneno. Kama angekuwa ameingia kwa hiari yake, lisingemhusu. Lakini saini ilikuwa ya jaji. Akiandika hapana, simu itapigwa na watu wanaojua kila kitu. Akiandika ndiyo, Denzil amesimama ubavuni pake na fimbo yake, anakula mkate wa soseji. Akiiacha fomu, ataulizwa kwa nini, na atarudi nyumbani kukaa mbele ya kile kiti mpaka mmoja wao afe. Jasho lilimtoka mgongoni, pale pale kwenye mkoba mpya.

Akaweka alama kwenye ndiyo, akaigeuza fomu kifudifudi, akaisukuma.

Burl aliisoma taratibu. Hakuinua macho. Akaikunja mara mbili, akasema leo hataweza kuuza.

"Huwezi maana yake nini?" Denzil akauliza. "Basi jaza jina langu. Nitanunua mimi, nimpe zawadi."

"Nimeshajua ni ya nani, kaka. Siwezi."

Denzil akanyoosha mkono juu ya kaunta, na Burl hakuwa mwepesi kiasi cha kumzuia. Akaikunjua fomu, akaisoma, midomo yake ikitembea. Mkate ulikuwa bado mkono wa kushoto. Reva akafungua mkanda, akavua mkoba na bastola ndani yake, akauweka juu ya kioo. Aliona aibu kama aliyevuliwa nguo, na chini ya aibu kulikuwa na hasira, nayo haikuwa ndogo.

Akatangulia kwenye pikapu. Alimwona Burl akimvuta mumewe kando ya mlango, akimweleza kwa sauti ya chini. Sheria haitaki mtu mwenye amri ya namna ile awe na njia ya kufikia silaha, hata za mumewe. Denzil akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena, akampa mkono.

Njiani Reva akamsimulia yote: mtoto, siku tisa, reli, jaji. Walipofika kwenye daraja Denzil akauliza kama mtoto alikuwa na jina.

"Ivalene," Reva akasema.

Denzil alilia akiendesha, akafuta pua kwa mkono wa shati, na Reva akampenda kwa kile kilio. Akadhani labda yamekwisha. Kumbe ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Walipofika nyumbani aliteremsha bunduki zote kumi na nne, moja moja, akiugulia mgongo, akazitia kwenye kabati la chuma alilokuwa akiwekea vifaa vya mgodini. Kisha akaenda mlangoni, akainama kwa shida, akachukua viatu vya Reva vya msituni, vyenye udongo wa wiki tatu, akavitia humo pia. Akafunga. Ufunguo akauning'iniza shingoni.

"Ni kwa usalama wako, mama," akasema. "Kule juu peke yako, na kichwa hicho." Na akamtazama kwa jicho ambalo zamani alikuwa akimtazamia dubu.

Asubuhi Reva aliosha vyombo, akavifuta, akavipanga. Kisha akasimama mbele ya kabati.

"Nifungulie. Nataka viatu vyangu."

Denzil akasema leo hapana, watazungumza. Reva akasema viatu ni vyake, avitoe. Hakupandisha sauti wala hakusogea. Denzil akaushika ufunguo kifuani. Akalitazama kabati, akamtazama mkewe aliyesimama umbali wa mkono mmoja tu, na Reva akamwona akipiga hesabu yake: kutoa viatu ni kufungua mlango, na kufungua mlango ni kumwonyesha bunduki kumi na nne, jambo aliloapa kwa Burl kwamba halitatokea. Na kwa mgongo ule, asingewahi kumzuia.

"Basi toka nje kwanza," akasema hatimaye. "Toka, ndipo nifungue."

Reva alikuwa mke msikivu. Akatoka na ndara zake za ndani, akarudishia mlango nyuma yake.

Alisikia ufunguo ukizunguka, mlango wa chuma ukilia, halafu sauti ya mumewe ikimwambia haya, aje avichukue. Wakati huo alikuwa ameshalipita banda la kuni, ndara zimelowa chapachapa kwa umande. Akaitwa tena, mara hii kwa jina lake, alipokuwa akishika mti wa kwanza ili apande. Hakugeuka. Shati lilimgandia mgongoni kwa upepo, na chini yake hakukuwa na kitu chochote cha kuchungulia.