Mwachie

Mzee Abdulsultan alikataa kushikwa mkono alipoingia kwenye boti. Aliweka mguu mmoja ukingoni, akasubiri boti itulie, kisha akavuka kama mtu anayeruka mfereji wa mbele ya nyumba yake. Jeptoo, aliyekuwa amemnyooshea mkono, aliurudisha akajifanya anapangusa kiti.

"Umeona?" mzee alimwambia mwanawe aliyebaki gatini. "Bila fimbo, bila mtu."

"Nimeona, Baba," Shamez alijibu kwa Kiingereza, simu sikioni.

Boti ilikuwa ya Kapteni Mutuma, Mmeru aliyewapeleka watu kuvua samoni na trauti katika Ziwa Ontario, Kanada, akianzia bandari ndogo iliyo chini ya magenge ya Scarborough. Tangu amwajiri Jeptoo alikuwa ameongeza mstari mmoja kwenye matangazo yake: safari kwa Kiswahili. Kapteni alishika usukani, Jeptoo akashika wateja. Alifunga chambo, alitega mishipi, alitoa amri. Amri hizo alizitunga mwenyewe, maana alichukia kusikia Kiswahili na Kiingereza vikichanganywa kama mahindi na maharagwe ya githeri. Zilikuwa tatu, kila moja neno moja, na alijivunia ufupi wake.

"Inua, maana yake ncha ya ufito wa kuvulia iwe juu," alimfundisha mzee wakati Shamez bado anaongea na simu kule gatini. "Zungusha, unavuta mshipi. Na samaki akikimbia nitasema mwachie. Hapo unaacha mshipi uende naye, usishindane. Haya, rudia."

"Inua. Zungusha. Mwachie." Mzee alizitamka kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha akamtazama kwa jicho la utani. "Nyinyi Wakenya, Kiswahili chenu ni cha amri tu. Tafadhali iko wapi?"

"Tafadhali tuliwaachia Watanzania, mzee. Samaki wa huku hawaisubiri."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Alikuwa mtu wa Mwanza, mwuza vipuri vya baiskeli, aliyehamia Kanada mwaka wa sabini na mbili. "Sijataniwa kwa Kiswahili tangu mama yake Shamez afariki," alisema, akajipangusa macho.

Saa mbili asubuhi, Shamez naye akiwa ameshapanda, walikuwa mbali na nchi kavu, majengo marefu ya mji yamekuwa kama meno ya kitana. Boti ilikwenda polepole, fito mbili zikiwa zimesimikwa nyuma. Kila mshipi ulikuwa umezamishwa na tufe zito la madini ya risasi hadi kwenye maji baridi ambako samoni hupita mwezi wa nane. Kazi ilikuwa kungoja.

"Binti, unajua kwa nini niko hapa?" mzee aliuliza. "Huyu anataka kunipeleka nyumba ya wazee."

"Ni makao yenye wauguzi, Baba," alisema Shamez. Kiswahili alikielewa chote, ila alijibu kwa Kiingereza kama alivyozoea tangu utoto.

"Nyumba ya wazee."

Shamez alimgeukia Jeptoo. "Mwezi wa tano aliacha jiko linawaka, akaenda jamatini kusali. Wazima moto walivunja mlango."

"Mlango wenyewe ulikuwa mbovu."

"Mwezi wa saba alikutwa kwenye stesheni ya Victoria Park. Dakika kumi kwa miguu kutoka kwake, na hajui apite wapi."

Mzee aligeuza uso. Alitazama maji. Miaka hamsini alikuwa ameishi Crescent Town, kwenye fleti ileile ya ghorofa ya kumi na nne. Watoto wake wamekulia pale, jeneza la mkewe limetolewa pale.

"Kule makaoni kimepatikana chumba kimoja. Jumatatu wanataka jibu," Shamez aliongeza, sauti imeshuka.

"Basi leo tuone," alisema mzee. "Nikimtoa samoni mmoja peke yangu, bila mkono wa mtu, utawapigia simu uwaambie hicho chumba wampe mwingine."

"Baba, hayo ni mambo mawili tofauti."

"Unaogopa?"

Shamez alisugua uso kwa viganja viwili. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, na siku hiyo alionekana amelala vibaya kwa mwezi mzima. "Sawa," alisema hatimaye.

"Sema kwa Kiswahili, huyu binti awe shahidi."

"Sawa, Baba. Ukimtoa peke yako, unabaki kwako." Kiswahili chake kilikuwa kizito kama buti za theluji, lakini kila neno lilikaa mahali pake.

Jeptoo hakupaswa kuchagua upande. Alichagua. Aliuvuta mshipi wa kushoto, akauvua ule ubapa wa bati la rangi ya fedha uliokuwa chambo, akafunga wa kijani uliokuwa umewapa samaki wanne wiki ile. Fundo alilikaza, akalilainisha kwa mate, akalikaza tena.

Haikupita nusu saa. Mshipi ulichomoka kwenye tufe, ufito wa kushoto ukasimama wima ghafla, kisha ukapinda hadi ncha ikagusa maji.

"Chukua, mzee! Inua!"

Mzee aliunyakua, akaukita tumboni kwenye mkanda aliofungwa. Hakutetereka. "Zungusha!" akazungusha. "Inua!" akainua. Kapteni Mutuma alipunguza mwendo bila kuambiwa. Dakika tano, dakika kumi, mshipi ukawa unarudi kidogo kidogo, na shati la mzee likaloa mgongoni. Shamez alikuwa amesimama kando yake akiuma kidole gumba, na Jeptoo aliona, kwa mshangao, kwamba naye anataka baba yake ashinde.

Kisha samoni akaiona boti. Ubavu wake ulimeta mara moja karibu na uso wa maji, mnene kama paja la mtu, akageuka na kukimbia.

"Mwachie!" Jeptoo alipiga kelele.

Mzee alikuwa ameugandamiza mshipi kwa vidole. Ulilia kama waya wa simu penye upepo.

"Mwachie, mzee! Utakatika! Mwachie!"

Shamez aliruka mbele, mikono yote miwili ameinyoosha. Mzee aliitazama mikono ya mwanawe. Akamtazama Jeptoo. Kisha, bila neno, akamkabidhi Shamez ufito.

Mambo yakaenda upesi mno. Shamez akauachia mshipi, samaki akakimbia mpaka akachoka, akavutwa, na Jeptoo akamkinga kwa wavu kwa sababu mikono yake ilikuwa imezoea kufanya hivyo. Samaki alianguka sakafuni akipiga mkia.

"Huyo si chini ya kilo kumi!" Kapteni aliita kutoka kwenye usukani. "Nani kamtoa?"

Shamez alikuwa bado ameushika ufito.

"Nani alikuambia uushike?" Jeptoo alimfokea Shamez, akasahau kwamba ni mteja.

"Wewe! Umesema mwachie. Mara tatu!"

"Samaki! Amwachie samaki!"

"Ningejuaje?" Shamez alijigonga kifua, na safari hii Kiswahili kilimtoka chenyewe. "Samaki mwachie, mimi mwachie! Iko tofauti gani?"

Haikuwepo. Jeptoo alihisi masikio yakimwaka. Kwa Kiswahili samaki na mtu hupewa kiambishi kimoja, na yeye, mwenye kujigamba kwa ufupi wa amri zake, hakuwahi kufikiri kwamba siku moja mtu atasimama pale pale mwenye mikono miwili. Angeongeza neno moja tu, mshipi. Mwachie mshipi.

Shamez alikuwa amepauka. "Basi haihesabiki. Baba, haihesabiki, ni kosa la lugha. Kapteni, tunaweza kurudi pale pale?"

"Bado tuna muda wa saa mbili!" Mutuma alijibu.

Jeptoo alikuwa tayari ameshautoa ufito wa pili kwenye tundu lake. "Mzee, sasa nitasema legeza. Legeza haina utata."

Mzee Abdulsultan alikuwa ameketi, viganja amevibana katikati ya magoti.

"Weka chini, binti."

"Lakini mzee, mimi ndiye niliyekosea. Ilikuwa haki yako."

"Weka chini nimesema." Alingoja mpaka akauweka. "Nilikuelewa. Si ulinifundisha asubuhi, nikarudia mwenyewe? Huyu hakuwepo, alikuwa na simu yake. Mimi nilikuwepo."

Aliitoa mikono yake magotini. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekunjika, havikunjuki.

"Hivi viliacha kunisikia. Nilitaka kuachia mshipi, havikutaka. Kisha nikaiona mikono ya Shamez inakuja, nikasema moyoni, alhamdulillahi, huyu amesikia vibaya." Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Ungenyamaza bila kunipa ufito wa pili, binti, ningerudi nyumbani nikiwa mtu aliyenyang'anywa samaki wake."

Jeptoo alifungua sanduku la barafu. Aliinama akamfunika samaki kwa barafu ili apate mahali pa kutazama.

Shamez alichuchumaa mbele ya baba yake, akavishika vile vidole, akaanza kuvikunjua kimoja kimoja. Mzee alimwacha afanye.

"Hicho chumba," mzee alisema, "kiko ghorofa ya ngapi?"

"Ya pili, Baba."

"Dirisha lake linafunguka?"

Shamez aliacha kukunjua. "Sijui," alisema. "Sikuuliza."

"Uliza."

Shamez alitoa simu mfukoni. Pale walipokuwa, katikati ya maji, hapakuwa na mtandao. Alibaki ameishika, akiizungusha huku na huku, wakati boti inageuka kurudi.